Nyumba Isiyofuka Moshi

Kila nikipiga simu nyumbani, washikaji wananiuliza swali lilelile: "Vipi, baridi ya huko mamtoni?" Nawajibu ipo, wanacheka, tunahamia kwenye mengine. Sijawahi kuwaambia kwamba baridi ndiyo iliyonifundisha swali ambalo mpaka leo sijalijibu. Leo naliandika, maana kwenye simu vocha huisha kabla hoja haijafika mahali.

Swali lenyewe ni hili: Je, mtu anaweza kutimiza wajibu wake wote na bado akawa na hatia?

Nilizaliwa Madibira, kwenye tambarare ya Usangu, pale mto Ndembera unapoteremka kutoka nyanda za juu na kugawanywa kwenye majaruba ya mpunga kabla haujafika Ihefu. Kwa hiyo msinichukulie kama mtu asiyejua ubaridi. Mwezi wa sita na wa saba sisi huota moto, ukipanda Mafinga unatafuta koti, na ukifika Makete au Kitulo asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani. Nilipoambiwa nakwenda Sweden kusoma kwa mwaka mmoja, nilijiona mkongwe wa jambo hilo. Nilibeba sweta mbili.

Nilikwenda mwaka 2012, kupitia kimoja cha vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi. Wengi hatujui kwamba vyuo hivyo vilianzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ambako mtu mzima hurudi darasani bila kuogopa mtihani. Basi nikaenda kumwona mama mzazi wa chuo changu. Mwaka ule ulizaa mwingine, nikasomea uuguzi msaidizi, nikapata kazi kijijini, mkoa wa Jämtland, kaskazini kabisa kwa kipimo chetu, kwenye misitu ya misonobari.

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa saa yangu. Si unajua saa ya Kiswahili inahesabiwa kwa jua? Jua likichomoza, baada ya muda kidogo ni saa moja. Likizama, tunaanza kuhesabu upya. Kwetu hesabu hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Jämtland, mwezi wa Desemba, jua linachungulia kama saa tatu na robo asubuhi na kabla ya saa nane na nusu mchana limeshaondoka. Saa moja asubuhi ni usiku mtupu. Mwezi wa Juni mambo yanageuka: saa sita usiku unaweza kusoma gazeti nje. Lugha yangu ilinisaliti. Nikisema "asubuhi" sikuwa na uhakika nasema nini.

Kisha vinakuja vituko vidogovidogo. Gari linachomekwa kwenye umeme usiku kucha kama simu, la sivyo injini inagoma. Kuanzia mwezi Desemba sheria inataka matairi ya majira ya baridi, na mengi yana misumari. Ukitembea barabarani unaning'iniza kwenye koti kipande cha plastiki kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari, ili usigongwe gizani. Kando ya barabara huchomekwa vijiti virefu, maana theluji ikishafunika kila kitu dereva wa greda hajui barabara inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi. Na theluji yenyewe: unaisukuma kwa beleshi asubuhi, jioni imerudi, kama palizi isiyoisha.

Haya yote nilizoea. Sikuzoea ukimya.

Madibira asubuhi ni kelele. "Kamwene!" "Kamwene!" Mtu anakusalimu, anauliza habari za watoto, za shamba, za mgonjwa wenu, hata kama ana haraka. Kule kijijini nyumba ziko mbalimbali, kati yake msitu, na watu wanapishana kwa kutikisa kichwa. Tena huitana kwa jina la kwanza, hata mzee wa miaka 80. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliacha karibu kabisa majina ya heshima. Sasa wewe ni wewe, uwe profesa au mtoto wa shule. Wenyewe wanajivunia jambo hilo, wanasema ndiyo usawa. Mimi nilikuwa nakwama. Mzee mwenye mvi nimwite jina tupu, bila shikamoo? Nikawa namwita Babu kimoyomoyo, halafu kwa sauti nasema jina lake, nikijisikia kama nimemtukana.

Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Halmashauri ndiyo yenye jukumu hilo kwa sheria. Unapewa orodha ya siku: fulani dakika 20, kumwamsha na kumpa dawa; fulani dakika 15, kumpashia chakula; fulani sindano ya kisukari. Unaendesha gari gizani kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa kifupi, nalipwa kuwa jirani.

Na mshahara ukitoka, sehemu yake naituma Madibira, kwa mama. Magoti yake hayafai tena kwa kazi ya majaruba. Kwa hela hiyo analipwa binti wa jirani amchotee maji, amkatie kuni, amsaidie kuoga. Hebu ona mduara huu: mimi nawaogesha mama za watu ili nimlipe mtu amwogeshe mama yangu. Nimekuwa halmashauri ya mama yangu.

Sasa niseme lililotokea.

Jirani yangu mimi mwenyewe, nyumba ya pili kutoka kwangu, alikuwa mzee mmoja aliyeishi peke yake. Hakuwa kwenye orodha yangu wala ya mtu yeyote. Halmashauri inatoa huduma, inatoa hata kengele ya kuvaa mkononi ukibonyeza msaada unakuja, lakini lazima uombe, ujaze fomu, utathminiwe. Yeye hakuomba. Alipasua kuni zake, alisukuma theluji yake, alipasha nyumba yake kwa jiko la chuma la kuni. Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini, dohani lake lilikuwa linafuka moshi, umesimama wima kama uzi kwenye ile hewa iliyoganda.

Asubuhi moja ya Januari 2019, ubaridi ukiwa nyuzi 24 chini ya sifuri, nilipita saa kumi na mbili. Moshi hakuna. Usiku ule theluji mpya ilikuwa imeanguka, na taa za gari zilinionyesha kwamba hapakuwa na nyayo kutoka mlangoni kwake kwenda banda la kuni.

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa Madibira. Kwetu nyumba isiyofuka moshi asubuhi haihitaji tangazo. Mtu anatoka kwake na kikombe cha uji au bila kitu, anasimama uani, anapiga hodi. Kama umelala tu, utatukanwa kidogo kwa uvivu na mtacheka. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Niliona, na nilielewa nilichokiona.

Nikapita.

Kwenye orodha, dakika kumi mbele, alikuwako bibi aliyesubiri sindano yake ya kisukari kabla ya chai. Nikajiambia: huenda mzee amechelewa kuamka. Nikajiambia: hawa watu hawapendi kuingiliwa. Nikajiambia: yeye si wa orodha yangu. Nikafika kwa bibi kwa wakati, nikampa sindano, akanishukuru. Siku nzima nilifanya kazi bila kosa.

Nilirudi saa nane mchana, mwanga ukielekea kufa. Moshi bado hakuna. Ndipo nikapiga hodi, nikasukuma mlango. Alikuwa sakafuni jikoni tangu alfajiri, nyonga imevunjika, amejivutia zulia la mlangoni akajifunika. Nyumba ilikuwa imepoa kiasi kwamba niliiona pumzi yangu. Nikapiga 112, gari la wagonjwa likaja, wakampeleka hospitali ya Östersund. Alipona, lakini hakurudi tena nyumbani kwake. Alihamia nyumba ya wazee, na banda lake la kuni mpaka naondoka kijijini hapo lilikuwa limejaa.

Hakuna aliyenilaumu. Si msimamizi wangu, si mtoto wa mzee aliyekuja kutoka Stockholm kunishukuru kwa maua. Kisheria sikuwa na kosa hata chembe. Jioni ile nilimpigia mama nikamsimulia. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza: "Mwanangu, moshi hukuuona?"

Nilimwambia sikuuona. Yaani nilimdanganya mama yangu mzazi.

Baada ya hapo nilianza kubishana na nafsi yangu, na leo nawaleta kwenye ubishi huo.

Upande mmoja kuna jibu jepesi, lile ambalo washikaji wengi wangelitoa hata kabla sijamaliza: "Ndiyo Wazungu hao! Hawana utu. Sisi Waafrika tuna ujamaa." Jibu hilo linatia joto moyoni, lakini silikubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza: aliyepita pale si Mzungu. Ni mimi. Ya pili inahusu bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, alizeeka palepale Madibira akiwa amezungukwa na watu. Hakukosa salamu hata siku moja. Kila mtu alijua kama amekula na kama amelala. Lakini alipougua, ule mzunguko wa watu haukuwa na nauli ya kumfikisha hospitali. Tulichangishana. Shilingi zilikuja, na pamoja nazo yakaja maneno: nani ametoa, nani amejificha, kwa nini wanawe hawajafanya hiki na kile. Bibi aliyasikia yote akiwa kitandani. Alikuwa akisema kuomba kunamchosha kuliko ugonjwa. Alifariki akiwa ameonwa na wote, bila kutibiwa.

Tena tusijidanganye kuhusu hilo jicho la kijiji. Waulize wakulima wa skimu yetu ya mpunga. Maji yanakwenda kwa zamu, mfereji ni mmoja, kwa hiyo kila mtu anamhitaji mwenzake aliye juu yake. Kuhitajiana huko kumezaa wema mwingi, na pia kumezaa watu kuviziana usiku na majembe kwa sababu mmoja amefungulia maji nje ya zamu yake. Jicho linaloona moshi wako ndilo linaloona pia mgeni wako, nguo yako mpya na deni lako.

Waswidi walilifikiria jambo hili sana. Mwaka 2006 waandishi wawili wa huko, Henrik Berggren na Lars Trägårdh, walitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Je, Mswidi ni binadamu?" Hoja yao, kwa ufupi, ni kwamba watu wale waliamua kuipa serikali mzigo wa kuhitajiana, ili mtu asiwe mtumwa wa anayemlisha. Mke asibaki kwa mume kwa sababu ya ugali, mzee asimnyenyekee mwanawe, maskini asimpigie tajiri magoti. Ndiyo maana tangu 1971 mume na mke hukatwa kodi kila mmoja kivyake. Mkishaacha kuhitajiana kwa tumbo, wanasema, ndipo mtakapopendana kwa hiari.

Niliposikia hoja hiyo nilimkumbuka bibi. Angeipenda. Yule bibi wa sindano hakuwa ananishukuru kwa hisani. Alikuwa anashukuru kama unavyomshukuru kondakta: ahsante, lakini nauli nimelipa. Uti wa mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Na wala haki si kitu cha kigeni kwetu. Mwalimu Nyerere, kwenye maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alidai kwamba jamii yetu ya jadi ilimhakikishia kila mtu usalama wake, kisha akakumbusha ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: anayelindwa na jamii lazima naye aifanyie kazi. Na mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote waliofikia miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza mtoto wako yuko wapi. Hela si nyingi, lakini mzee anakwenda kuichukua akiwa na kitambulisho chake. Haendi kubembeleza mtu.

Basi haki ni bora kuliko hisani? Hapo ndipo nilipotaka kuufunga mjadala, na hapo ndipo yule mzee wa jikoni anapoufungua tena. Haki ilikuwa inamsubiri. Fomu ilikuwa inamsubiri. Lakini haki haina macho. Inakaa ofisini mpaka uje. Mtu aliyeanguka sakafuni hawezi kujaza fomu. Pale panatakiwa mtu apite njia, ainue shingo, aone dohani halifuki, na miguu yake igeuke.

Kwa hiyo naona kuna vitu viwili ambavyo tumezoea kuvichanganya. Kuna mkate na kuna jicho. Mkate unaweza kupangwa, kugawanywa, kutozwa kodi, kuandikwa kwenye orodha. Na ni afadhali uandikwe, kuliko kuachwa kwenye huruma ya watu wenye midomo. Jicho halipangiki. Madibira tulikuwa na jicho bila mkate, bibi akafa. Jämtland kulikuwa na mkate, na asubuhi ile jicho lilikuwapo pia, ndani ya gari, limevaa kofia ya sufu. Lakini lilishajifunza kutii orodha.

Mtu atanipinga: "Dada, acha kujitesa. Ungesimama, yule bibi wa kisukari angechelewa sindano. Ungefanya kosa la hakika ili kuzuia kosa la kubahatisha." Hoja nzito. Nimekaa nayo miaka. Na wajibu ulioandikwa si kitu cha kudharau. Kama kila mhudumu angeacha orodha kwa kila wasiwasi, wazee wangapi wangekosa dawa?

Lakini nimegundua ujanja wa hoja hiyo. Inanipa njia mbili tu: kusimama au kupita. Kumbe simu ilikuwa mfukoni. Ningeweza kumpigia msimamizi: dohani la jirani yangu halifuki, tuma mtu. Nusu dakika, hata gari nisingesimamisha. Kulikuwa na jirani mwingine pia, ng'ambo ya barabara, mwenye beleshi mkononi muda ule ule. Watu wale si mawe. Wana siku ya kutengeneza barabara yao ya kijiji, inaandikwa kwenye kalenda, wote wanatoka na zana, mwisho wanakunywa kahawa na mandazi yao ya mdalasini. Angekwenda. Hakuna aliyemwambia, na aliyetakiwa kumwambia ni mimi.

Naamini hivi ndivyo tunavyojisamehe mara nyingi. Tunaweka mbele yetu njia mbili tu, zote ngumu, tunachagua iliyoandikwa, halafu tunalala usingizi. Ile ya tatu, ndogo, ya aibu ndogo tu ya kuonekana mbea au mshamba, hatuitaji kabisa. Sikuogopa kuchelewa sindano. Niliogopa kuonekana Mwafrika anayeingilia mambo ya watu. Ndiyo baridi niliyokuwa nayo siku ile, na sweta haikuwa dawa yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni ndiyo. Mtu anaweza kutimiza yote yaliyoandikwa na bado akawa na hatia, kama aliona na akajifanya hakuona. Wajibu ulioandikwa unatosha kwa vile usivyoviona. Ukishaona, umeongezewa mwingine, hata kama hakuna anayekulipa.

Lakini jibu hilo likishatoka linanirudia mwenyewe. Siku hizi nampigia mama kila asubuhi kabla ya kazi. Majira ya baridi kwangu ni saa kumi na mbili, Madibira ni saa mbili. Baada ya shikamoo na marahaba namuuliza: "Moshi umetoka?" Anacheka, anasema umetoka, binti ameshabandika uji. Nafurahi. Halafu najiuliza, je, hili ni jicho, au ni orodha nyingine tu niliyojitungia ili nilale?

Wiki iliyopita nilituma hela kama kawaida. Mama akapokea ujumbe, akanipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hulifanya kwa nadra.

"Mwanangu, hela imefika," akasema. "Na wewe utafika lini?"

Yule mzee nilimwambia mtoto wake kwamba nilikuja mara tu nilipoweza. Mama nimemwambia mwakani. Wewe unayesoma, ulioko Dar au Mbeya mjini na mzazi wako yuko kijijini, usinihukumu haraka; lakini ukiwa na jibu zuri kuliko langu, liandike, tulisome.